Chungu cha Chilewa

Walinikabidhi HKL alasiri ya Alhamisi
kwa sababu mwalimu wao wa Fasihi amejifungua
na ratiba, kama tumbo, haipendi kukaa tupu.
"Fizikia tuliizika kidato cha pili, mwalimu,"
akasema Nyemo, "na matanga tulishaanua."

Sikuandika kitu ubaoni.
Niliteremsha kwenye baiskeli vyungu vya mnada wa Msalato,
vikubwa vinne, vidogo vinne,
nikawatuma korongoni kufuata mchanga.
Chungu ndani ya chungu, mchanga katikati,
maji juu ya mchanga, gunia bichi kama kofia.
Ndani: nyanya, mchicha,
na soda ya Chilewa, aliyoapa kuinywa jioni
iwe baridi, iwe aibu.

Agosti, Hombolo. Upepo
unakukausha mate kabla hujamaliza sentensi.
Saa tisa kivulini, thelathini na moja.
Ndani ya chungu cha Nyemo, ishirini.
Wakakigonga kipimajoto kama saa mbovu.
Ishirini.
"Maji yanayoondoka," nikasema,
"hayaondoki mikono mitupu. Yanabeba joto."
Mendo akainakili upesi, chini ya kichwa: Tamathali.
Nikamwambia, futa, hii si tamathali, ni hesabu.
Hakufuta.

Chungu cha Chilewa kilikuwa kizuri kuliko vyote.
Usiku alikipaka rangi ya mafuta:
maua manane, jua, jina lake kwa mbwembwe.
Kikasoma thelathini.
Soda vuguvugu kama maji ya kuogeshea mtoto.
Aliinywa, akitutazama.
"Udongo una vinyweleo, Chilewa.
Umemvika mkimbiaji koti la mvua."

Jumamosi nilimkuta nyuma ya bweni
na kisu cha jikoni. Jua lilishaparuliwa, na jina.
Sasa ua baada ya ua:
anaparua, anasubiri, anachungulia, anaandika.
Daftari la Ushairi, ukurasa wa mwisho,
safu mbili zimepigwa rula;
kushoto maua yaliyobaki, kulia nyuzi.
Saba, ishirini na tisa.
Tano, ishirini na sita na nusu.
Mbili, ishirini na mbili.

Hakuna aliyemtuma. Mtihani hautauliza.
Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Limebaki moja," nikamwambia.
Akakizungusha chungu taratibu. Ua dogo, jekundu,
karibu kabisa na mdomo.
"Hili naliacha, mwalimu.
Nimeshalipigia hesabu.
Linanigharimu nyuzi nusu."