Barabara ya Tisa

Ngamiani barabara zetu zina namba,
na mimi deni limeninyang'anya moja moja.
Ilianza ya Tano, kwa Bawaziri: kilo ishirini za mchele,
ndoo ya mafuta, "Nitapitia Jumatatu, ami."
Jumatatu ikapita yenyewe.
Kisha Kumi na Nne, kwa Hiza seremala,
kitanda cha bibi harusi, nusu sasa, nusu baadaye,
na hiyo nusu ya baadaye ndiyo wanayolalia.
Kisha Tisa, kwa Bi Mwanakombo na sanduku la kikoba.
Mwisho Kumi na Sita, ofisi ya kausha damu,
vijana wa pikipiki na faili la kijani.

Kutoka shuleni ninakopika uji hadi chumbani kwangu
ni mwendo wa robo saa.
Nilikuwa natumia saa nzima.
Napinda, nachungulia, nazunguka hadi relini,
kichwa chini kama niliyeangusha shilingi.
Wakiniuliza, nasema daktari kaniambia nitembee.

Waja leo waondoka leo, ndivyo wasemavyo Tanga.
Hili langu lilikuja na vigelegele
halafu likaomba mkeka.
Naam, kukopa harusi. Methali naijua hadi mwisho,
na neno lake la mwisho limebeba jina la mji wangu.

Simu nilikuwa nimeizima, nimeifunga kwenye khanga kuukuu.
Jana usiku nikaiwasha.
Ikatapatapa mezani kama kuku aliyechinjwa.
Nikatafuta karatasi. Sikuwa na karatasi.
Nilikuwa na kadi za mchango zilizobaki,
za maandishi ya dhahabu: Familia ya Bi Mwanakheri
inayo heshima kukuomba.
Mgongoni kweupe. Nikaandika.

Kausha damu: nilichukua laki tatu, sasa laki nne na themanini.
Kikoba, laki tatu na nusu.
Bawaziri, laki na elfu sita.
Hiza, sabini.
Simu yenyewe, thelathini na nane na mia tano.
Mama Shekue wa nyanya, elfu nne na mia mbili;
hii ndiyo iliyonichoma mkono kuiandika.

Nikajumlisha mara tatu.
Milioni moja, elfu arobaini na nane, na mia saba.
Miezi minane gizani nilidhani ni milioni tatu.
Deni lisiloandikwa halina kimo,
linajaza chumba kama moshi wa kuni mbichi.
Hili sasa lilienea kwenye kadi.
Sikufurahi. Nilikaa tu, nikala kiporo.

Asubuhi nikampa Mama Shekue noti ya elfu tano.
Akasema alishasahau.
Hakuwa amesahau: chenji ya mia nane
ilitoka kabla sijamaliza salamu.

Bi Mwanakombo alikuwa barazani anapepeta mchele.
Maneno niliyoyapanga tangu alfajiri
yalipeperuka pamoja na makapi.
"Nimekuja kabla hujaniita," nikasema.
Hakusema karibu. Hakusema pole.
Alisogeza ungo, nafasi ya mtu mmoja.
"Unaweza nini?"
"Elfu kumi. Kila Ijumaa."
Akaniangalia miguuni, viatu vilivyolika upande mmoja
kwa kukata kona.
"Saba," akasema. "Kumi utanikimbia tena."

Saba. Ijumaa hamsini. Nilizihesabu njiani
hadi mjukuu wangu, ambaye bado hajazaliwa,
akaanza kukaa.

Kumi na Sita sijui nitaiingiaje.
Faili la kijani halina baraza, halina ungo.
Hiza nitamwambia nini, Mungu anajua.
Lakini jioni hii nimerudi kwa Tisa, katikati ya barabara,
mwendo wa mtu anayedaiwa
na anayejulikana kwamba anadaiwa.
Mtoto wa jirani kanisalimia kwa jina, nikashtuka.
Dakika ishirini na mbili.