Giaboksi ya Baba Juu ya Meza

Nimefungua kizibo cha chini, oili ikatoka
nyeusi kama kahawa iliyosahauliwa jikoni,
na kwenye sumaku ya kizibo
ndevu za chuma, laini, zinameta:
miaka kumi na minane ya mlima wa Serreta
imeota kwenye ncha ya kidole changu.

Baba amesimama mlangoni mwa gereji, kofia mkononi,
kama mtu aliyeitwa kutambua maiti.
"Sijawahi kuipandisha kelele," anasema.
Ni kweli, Belmiro. Hukuwahi.

Nakumbuka alfajiri zile, lori la maziwa,
mimi na miaka yangu tisa, chupa ya chai katikati ya magoti,
ukungu umelala juu ya kuta za mawe meusi,
ng'ombe wakitukodolea kama karani anavyomkodolea mdaiwa.
Tunatoka kwa Deodato na madumu kumi na mawili.
Moja. Mbili. Lori bado halijakumbuka kuwa ni lori.
Tatu, nne, na kabla ya kona ya kanisa
kiganja chake kinashuka taratibu:
tano.
Mshale wa mizunguko haujafika hata elfu moja na mia mbili,
na injini inaguna, du, du, du, du,
kama mtu anayepanda ngazi na gunia la mwenziwe.
Kioo kinatetemeka. Meno yangu yanatetemeka.
"Sikia," ananiambia, "inavyokunywa kidogo."

Mama yake alikuwa akigawa dagaa mmoja kwa watoto watatu,
mkubwa apate kichwa.
Basi kwake kila tone la dizeli lilikuwa na jina.
Hata nyumbani aliongea kwa gia ya tano:
Mama akiuliza, mguno; Mama akilia, mguno,
hadi siku Natércia alipofunga sanduku kwenda kwa dada yake Toronto,
naye akambebea sanduku lile mpaka uwanja wa ndege
bila kupaza sauti.

Njoo uone. Sogea, taa iko huku.
Hizi pete za shaba: mistari yake yote ipo,
karibu mpya. Hukulazimisha gia hata moja.
Klachi uliikanyaga kama mtu aingiaye
chumba cha mtoto aliyelala.
Mkono wako hauna kosa, nitakuandikia hata cheti.
Lakini beringi hii, pitisha ukucha:
vishimo.
Na meno ya gia ya tano, upande mmoja tu,
yamelika kama kizingiti cha nyumba ya ukoo.
Hapa ndipo kelele ilipokuwa, Baba.
Haikwisha. Uliinyima koo, ikashuka,
ikaja kukaa humu gizani, ndani ya oili,
ikigonga, pigo kwa pigo,
mlima mzima unaning'inia kwenye jino moja.

Haraka haraka haina baraka, najua,
ulinifundisha kwa lugha yako.
Ila hakuna aliyetuambia polepole nayo hutoza nini.

Anageuza ile gia kiganjani.
Anaifuta kwa kofia.
Anauliza bei ya beringi, nami namdanganya.

Jumatatu ya pili, usukani ni wangu.
Kona ya kanisa: narudi tatu, nakanyaga,
mshale unapanda elfu mbili, elfu mbili na mia nne,
lori linanguruma kwa kifua kizima, linapanda,
maua ya buluu ya kandokando yanapita haraka,
ng'ombe wameinua vichwa.
Baba ameshika mpini wa mlango kwa mikono yote miwili.
"Inakula," anasema.
"Iache ile."

Kilomita nzima hasemi kitu.
Kwa Deodato mbwa anabweka.
Halafu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake
(injini ilikuwa juu, labda ilimbidi apige kelele):
"MAMA YAKO HUKO ANAAMKA SAA NGAPI?"