Thermosi ya Mama

Machinjioni Changamwe, kabla ya adhana ya alfajiri,
Mwachiro ananikabidhi ovari mbili
za ng'ombe nisiyemjua hata rangi.
Nazitia kwenye thermosi ya mama, ile ya maua mekundu;
leo haina chai, ina maji ya chumvi, vuguvugu.

Dereva wa tuktuki anauliza, "Kahawa hiyo, dada?"
"Ndama," namwambia.
Anacheka hadi Makupa.

Chini ya hadubini nahesabu mayai kumi na manne,
kila moja limebana ushungi wake wa seli.
Bibi alikuwa akivundika ndizi
kwa majani makavu na gunia,
na ole wake atakayechungulia.
Nami navundika: digrii thelathini na nane na nusu,
mlangoni mwa kiatamizi nimebandika karatasi, USIFUNUE.

Saa nane usiku stima inapotea.
Nakifunika leso mbili, nakikumbatia
mpaka jenereta ikohoe.

Mama yao keshauzwa, kilo kwa kilo, Mwembe Tayari.

Asubuhi, tisa yamelegeza ushungi.
Matano yamekataa.
Naosha thermosi mara tatu.
Mama anataka chai.