Kabla ya Zege

Bomba la inchi nne lilitaka kupita
palepale boriti ilipolala.
Karatasi ya fundi bomba ilisema: pita.
Karatasi ya nondo ilisema: hapa ni pangu.
Karatasi hizo hazikuwahi kukutana;
moja ilichorwa Mtwara mjini, nyingine sijui wapi,
zikaonana mara ya kwanza juu ya jukwaa letu, Newala,
zege limekwisha kauka.

Tukabomoa. Siku tatu za nyundo.
Hakuna uchungu kama kubomoa
kitu ulichokimwagilia mwenyewe asubuhi na jioni
kwa maji yaliyopanda mlima
pipa kwa pipa, bei juu ya bei.
Mama Nachihangu wa jirani akachungulia:
"Maji yale si mngenipa mimi?"
Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Mwaka uliofuata, kazi ya wodi ya wazazi,
akaja Somoe Nandonde na kompyuta ya begi,
akaiweka juu ya mifuko miwili ya saruji.
"Fundi Chilumba, ingia ndani."
Ndani ya nini? Hata msingi hatujachimba!

Lakini kweli, niliingia.
Nikapita korido, nikahesabu madirisha,
nikazivua kuta kama mtu avuavyo shati:
nyaya, mabomba, nondo, kila kimoja na rangi yake.
Na juu ya mlango wa chumba cha kujifungulia,
alama nyekundu: bomba na boriti
vimekabana koo.
"Tusogeze?"
Akasogeza kidole. Bomba likahama.
Hakuna aliyeshika nyundo.
Hakuna tone lililomwagika.

Sisemi mashine inalijua zege.
Haijui upepo wa huku juu
unavyokausha plasta kabla ya chai ya saa nne.
Haijui mchanga wenye udongo mwingi
unavyoacha doa ukiusugua kiganjani.
Hayo nilimwambia mimi, naye akayaandika
humohumo, kando ya ukuta wa magharibi.
Basi neno langu lilikuwamo ndani ya jengo
kabla ya tofali la kwanza.

Ninyi wenzangu wa Masasi, wa Nachingwea, wa Lindi,
mnaosema "sisi tunajenga kwa kamba na jicho,"
kamba ninayo bado. Timazi ninayo, hii hapa mfukoni.
Ile nyundo kubwa ndiyo nimemwazima mtu
tangu mwezi wa tano,
na sijaifuata.