Kwezi wa Bugala

Sikuja kisiwani kutazama ndege.
Nilikuja kupima chikichi:
mkungu juu ya mizani, namba daftarini,
jina la mkulima, saini, lori, mwingine.
Kalangala, mwaka wa sita sasa,
na vidole vyangu vinateleza mafuta hata ndotoni.

Yeye nilimkuta,
ndani ya musizi uliokufa nyuma ya kibanda,
kwenye tundu aliloliacha kigong'ota.
Nilimsikia kwanza. Si sauti, mabawa:
fuu, fuu, fuu,
kama mtu anayekunja turubai jipya huku mvua imeshafika,
kama gauni la bibi harusi aliyechelewa.
Nikainua kichwa. Ndege mweusi.
Nikarudi kwenye namba zangu.

Mweusi! Naliandika neno hilo kwa aibu.
Wingu lilisogea tu, basi,
akawaka:
mgongo kijani cha mbawakawa,
kifua buluu ya moto wa stovu, ule wa chini, karibu na utambi,
bawani ukanda wa mahameli, shingoni doa la shaba,
na jicho, jicho rangi ya dang'a,
linakutazama kana kwamba deni ni lako.
Ukisema hii ndiyo rangi yake,
ameshageuka.

"Huyo?" akasema Nansikombi, akimimina chai ya wapakiaji.
"Mwizi wa mapapai. Hata kuimba hajui."
Ni kweli, haimbi.
Anakohoa, anakwaruza, anaanza mluzi
na kuusahau katikati,
kama fundi anayetafuta stesheni kwenye redio ya mtu mwingine.

Alfajiri wanaondoka wawili, yeye na mkewe
(nasema mkewe; cheti sijakiona),
kuelekea kipande cha msitu kilichobaki juu ya Lutoboka,
ambako mitini haijaulizwa bado inazaa kilo ngapi.
Jioni wanarudi kwa kelele ileile.
Kumbikumbi wakitoka, wanawadaka hewani.
Chikichi pia wanakula. Sijawaandika.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa nzito,
walibeba majani mabichi kupeleka tunduni,
majani, manyoya ya kuku, uzi wa gunia,
na risiti ya Lubowa:
kilo mia mbili na kumi na nne, muhuri wa zambarau.
Lubowa alikuja kudai.
Ningemwambia nini?
Mzee, risiti yako imelaliwa na mayai.

Kisha Kasekende akaja na msumeno wa petroli.
Mti mkavu, alisema, ni kuni zinazosimama.
Nilitafuta sababu ya kumpa.
Buluu? Dang'a? Mtu mwenye msumeno
humwambii habari za buluu.
"Mna nyoka humo," nikasema. "Koboko."
Akatazama tundu, akatazama viatu vyake, akaenda.

Uongo ule umenigharimu.
Wapakiaji sasa wanapita mbali na kibanda,
Nansikombi amehamisha jiko hadi ng'ambo ya barabara,
na chai inanifikia imepoa, ikiwa inanifikia.
Lubowa nimemlipa kutoka mfukoni.
Bado ananiamkia kwa kunihesabu.

Jana makinda yalichungulia, matatu,
weusi butu, kama makaa ya juzi,
midomo wazi, hayana habari na rangi ya mtu.
Mama yao akapita juu yangu, fuu, fuu,
na unyoya mmoja ukaangukia sahani ya mizani.
Juani, kijani. Nikaukinga kwa kiganja: mweusi, mweusi kabisa.
Nikaondoa kiganja.
Mshale haukutikisika.

Nikafungua daftari. Tarehe. Jina la mkulima: kwezi.
Kwenye safu ya uzito niliandika sifuri,
nikaifuta,
nikapaacha wazi.
Lori likapiga honi.