Yalishuka au Yalipanda

Jumatano alfajiri mpekani wa Bi Eula ulikuwa jikoni kwetu,
umelala kifudifudi juu ya jiko,
majani mabichi ndani ya birika la kahawa.
Kimbunga kilikuwa kimeshaondoka Houma kwenda kusumbua wengine.
Nyumba yetu ya kwanza. Miezi saba tangu tukabidhiwe funguo.
Kulikuwa na maboksi hatujayafungua bado;
yalijifungua yenyewe.

Dakika hamsini nilisikiliza zumari lao la kungojea,
hatimaye mwanamke mmoja wa bima akauliza, "Mko salama?"
na mimi, ambaye sikulia mti ulipoingia,
nililizwa na swali alilokuwa analisoma kwenye karatasi.
Akanipa nambari ya dai, tarakimu kumi na moja.
Niliiandika kwenye mkono wa kushoto,
na mkono huo sikuuosha siku mbili.

Bi Eula Fontenot alikuja na msumeno na boksi la viatu.
Nilikuwa nimeshamwandalia chuki. "Mti wako," nikasema.
"Ulikuwa wangu uliposimama," akajibu.
"Ukishalala kwako ni wako. Soma ukurasa wa tisa."
Ndani ya boksi: risiti za vimbunga vinne.
"Usitupe kitu, hata zulia linalonuka.
Piga picha hata ya kitasa.
Kila unayezungumza naye, andika jina, saa na dakika.
Huko kwao, kisichoandikwa hakikuanguka."

Usiku, chini ya turubai la bluu,
paa lilihema kama mgonjwa.
Haba na haba hujaza kibaba;
kwetu zilijaa ndoo tatu na beseni.

Siku ya tisa akafika mkadiriaji, kijana kutoka Nebraska,
Lindquist, shingo imeungua kwa jua letu.
Alipanda ngazi, akachora miraba ya chaki juu ya paa,
akashuka na swali moja:
"Maji haya yalishuka au yalipanda?"
Kwani upepo umo kwenye hati yetu,
na mafuriko hayamo.
Nikamwonyesha doa la dari: hayo yalishuka.
Mstari wa tope ukutani, kimo cha kifundo cha mguu: hayo yalipanda.
"Na kochi?"
Kochi lilikunywa juu na chini.
Tukasimama sote watatu tukilitazama
kama shahidi aliyegoma kusema.

Kisha orodha. Kila kitu, umri wake, bei yake,
na safu ya mwisho, uchakavu,
ambamo godoro letu la harusi lilizeeka haraka kuliko sisi.
Alcide alitaka kuandika sufuria ya chuma ya bibi yake.
Ina miaka themanini; kwa hesabu yao ni sifuri.
"Lakini haikuharibika," nikamwambia.
"Najua. Nataka tu waione."

Hundi ilikuja Novemba, imekatwa kile tulichokubali kubeba wenyewe
siku ile tulipotia saini huku tukicheka.
Juu yake majina matatu: langu, la Alcide, na la benki.
Sikujua nina mke mwenza.
Kochi halikulipwa. Bi Eula anasema nisikubali,
kwa hiyo naandika barua ya pili,
na adabu yangu inapungua kila aya.

Leo mafundi wamepigilia kigae cha mwisho.
Nimepiga picha za jikoni: kuta, dari, kitasa,
kukavu, hakuna mti.
Alcide anauliza ni za nini.
Boksi langu la viatu liko juu ya kabati.
Viatu vyenyewe vinanibana; nilinunua boksi.
Nje yanaanza matone.
Naandika: saa kumi na dakika mbili jioni.
Niliyezungumza naye: mvua.
Hajataja jina la pili.