Mlango wa Isevya

Tulikaa barazani kwa marehemu Kasanda,
watu kumi na mmoja, viti vitano.
Mihambo kaja na bango la plastiki:
gesti, vyumba ishirini, choo humo humo.
"Tembe hili limechoka. Udongo ni udongo,
haudai heshima."

Bi Nyanzala akaweka chini ungo wa karanga.
"Haudai? Nawe ulizaliwa juu yake!
Mama yako aliishika nguzo ile,
kucha zake zimo mpaka leo."
Tukageuka wote kuitazama nguzo,
tukaziona alama, au tulitaka kuziona.

Kijana wa halmashauri alitamka "urithi" mara tisa.
Nilihesabu. Mimi ndiye mpangaji,
chumba cha nyuma, elfu kumi na tano kwa mwezi,
mvua zikianza nalala na sufuria tatu.
Hakuna aliyeuliza urithi unavujia wapi.

Sizya, fundi, alikuwa anaupapasa mlango.
"Aliyechonga ua hili," akasema, "alikuwa mashoto."
Basi. Akarudi kwenye karanga.

Hatukuafikiana. Chai ilipoa,
tukaagana shingo upande.

Usiku wa manane mvua ikashuka bila hodi.
Nikasikia nyayo juu ya paa, nikatoka na tochi:
Mihambo, suruali kaikunja magotini,
kalitandaza bango lake penye tundu,
analikandamizia mawe,
picha chini, vyumba vyote ishirini
vikichungulia kitanda changu.
"Usimwambie Nyanzala," akasema,
akanyoosha mkono nimpe jiwe jingine.